Ulimi wa Aminieli na Gari Namba Tatu

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Mbokomu, wa juu na wa chini, wenye magari, wenye baiskeli na wenye miguu yao tu, wanaarifiwa kwamba Jumapili hii, mwezi wa Agosti, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na moja, baada ya ibada na kabla ya saa nane mchana, Ndugu Aminieli, mwonjaji wa kahawa, mwenye ulimi ambao wanunuzi wa Ulaya husikiliza kwanza kabla ya kufungua mikoba yao, atautoa ulimi huo kwenye kahawa na kuuelekeza kwenye magari makuukuu, ili achague moja, dogo, la kutegemewa, litakalodumu mpaka ukombozi wa Bara zima la Afrika utakapokamilika. Wananchi wanaombwa kufika bila kukosa na kuwaacha mbuzi nyumbani.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la kijiji na Melkior, katibu wa tawi, mtu ambaye hata kuku wake akipotea hutoa taarifa kwa umma. Aminieli alipita pale Ijumaa asubuhi akielekea kituo cha basi, akalisoma kuanzia juu hadi chini, na likamwachia swali moja tu kichwani: mbuzi wamekosa nini?

Ndivyo alivyokuwa. Udadisi ndio uliokuwa ugonjwa wake, na ndio uliompa mshahara. Ujanani aliajiriwa mjini Moshi kuosha ndoo za kutemea katika chumba cha kuonjea kahawa. Mzungu aliyekuwa mwonjaji alikuwa akifyonza kijiko kimoja kwa kelele za bomba linalokatika maji, anatema, anaandika, anasogelea kikombe cha pili. Aminieli, na ndoo yake mkononi, alitaka kujua yule mtu anasikia nini. Akaanza kuonja mabaki kwa siri. Uhuru ulipokuja na Mzungu akafungasha, walitafuta mtu wa kukishika kijiko wakamkuta mwosha ndoo anajua hata kahawa ipi ilianikwa karibu na zizi. Tangu hapo alionja vikombe mia mbili kwa siku na hakumeza hata kimoja. Nyumbani alikunywa uji wa ulezi. Hakuvuta tumbaku, hakugusa pilipili, na mbege, pombe ya ndizi, alionja Jumamosi tu, kidogo, kama mtu anayemwamkia jirani kwa mbali. Kijiko chake cha kazi alikibeba kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wakubwa wengine hubeba kalamu tatu ambazo hazina wino.

Sasa, mtu wa namna hiyo gari la nini? Miaka ishirini na sita alipanda basi akiwa amefumba macho, anapumzisha ulimi, na hakuwahi kulalamika. Gari lilitakiwa na goti la mke wake.

Zita, ambaye kijijini huitwa Mama Eliufoo, Mkatoliki wa Uru aliyeolewa kwa Walutheri wa Mbokomu bila kubadilisha hata rozari, aliteleza mwezi wa tatu kwenye ukingo wa mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, alipokwenda kuufungulia maji yaingie kihambani, kwenye migomba yao. Goti lilivunjika, likafungwa, likaungana, likakataa kukunjika. Daktari wa hospitali ya Mawenzi, mjini, alisema mama huyu aletwe mara mbili kila wiki, goti lifanyishwe mazoezi taratibu, kwa miezi sita. Asipoletwa, litaganda hivyo hivyo, na atatembea na mguu wa ubao mpaka siku ya kuzikwa.

Basi kwake lisingewezekana. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni mwendo wa saa nzima ya utelezi, na ndani ya basi mwenye goti zima mwenyewe hukunjwa. Kwa hiyo wapwa wa Aminieli wanne, wakiongozwa na Thadeus, walimlaza kitandani wakakibeba kitanda mabegani kuelekea mjini. Wakati ule ukungu ulikuwa umeshuka. Kila waliyekutana naye njiani alivua kofia. Wanaume wawili waliungana na msafara kimya kimya na kushika miguu ya kitanda. Walipofika darajani, mama mmoja alitua mzigo wake wa majani ya ng'ombe, akaanza kulia kwa sauti, akiuliza marehemu ni nani. Zita aliinua kichwa akamjibu kwamba ni Zita, na yeye mwenyewe hajambo?

Yule mama alikimbia. Kitanda kilirudi nyumbani siku hiyo hiyo, kwa amri ya aliyelala juu yake. Wapwa walikuja kesho yake na jani la isale kuomba radhi, na kwa kuwa huku hakuna anayemfukuza mtu aliyekuja na isale, aliwasamehe. Lakini kitanda alikikatalia katakata.

"Nitateremka Mawenzi nikiwa nimekaa," alimwambia mumewe, "au sitateremka. Mimi si wa kuvuliwa kofia kabla ya siku yangu."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Tangu hapo alikuwa amekosa kliniki tisa, na goti lilikuwa linaganda.

Gari jipya halikuwa jambo la kuzungumzwa na watu wazima. Ulijaza fomu, fomu ikaenda Dar, Dar ikaifikiria. Mwalimu mmoja wa jirani alijaza fomu akiwa na nywele nyeusi. Lililobaki ni gari lililokwishatumiwa na mtu, akalitumia na mwingine, na huyo naye akalitumia mpaka likamzoea. Akiba ya ule mwaka mzuri, bei ya kahawa ilipopanda, ilitosha gari moja. Akikosea, hakuna la pili, na goti halingojei msimu.

Aminieli alikwenda Pasua kwa fundi Salehe, mtu wa mjini, mcheshi, aliyetengeneza magari ya watu kwa miaka kumi na tano na yeye mwenyewe akiendesha baiskeli, jambo ambalo Aminieli aliliona kuwa ushahidi wa uaminifu. Akamweleza anavyotaka. Kazini, vikombe hupangwa kwa namba. Mwonjaji haambiwi kahawa ni ya nani, maana akijua ni ya shemeji yake, ulimi unaanza kuwa na undugu. Na magari yafanyiwe vivyo hivyo. Salehe alete matatu, afunike namba zake, wenyewe wakae mbali, na Aminieli asitajiwe jina hata moja.

"Mzee," Salehe alimwuliza, "gari utalionja wapi?"

"Ndicho ninachotaka kukiona."

Salehe alimhadithia mteja mmoja, mteja akamhadithia Melkior, na likatoka tangazo.

Jumapili ilipofika, magari matatu yalipanda Mbokomu yakatulia pembeni mwa barabara mbele ya duka, namba zimefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyofungwa vizuri kama zawadi. Usiri huo ulimhusu Aminieli peke yake. Magari ya wilaya yalikuwa machache kiasi kwamba hata vikongwe waliyatambua kwa kikohozi, na kila aliyesimama pale alijua kwamba namba moja, jeusi, la Kiingereza, lilikuwa la Mansukhlal muuza vitambaa; namba mbili, jeupe linalong'aa, la Kijerumani, lile la mgongo wa mviringo ambalo watu huliita kobe, lilikuwa la Melkior mwenyewe, aliyekuwa ameahidiwa la ofisi; na namba tatu, kigari cha kijivu chenye mgongo kama kabati la jikoni na mlango uliofungwa kwa kamba ya mkonge, kilikuwa cha Gurdev, fundi wa mashine za mpunga kule Chekereni. Wenye magari walikaa ndani ya duka wakinywa chai. Melkior alikaa ndani kwa muda wa kutosha kuonekana amekaa, kisha akatoka.

Zita aliletwa kwenye kiti cha uvivu, hatua chache kutoka getini kwake, akawekwa kwenye kivuli cha migomba, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alipoulizwa anapenda lipi, alisema yeye amekuja kuangalia watu.

Aminieli alitoa kijiko.

Alianza na namba moja. Salehe alifungua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta. Aminieli alichota maji, akayatazama kwenye mwanga, akayafyonza kwa ile kelele yake, akayazungusha mdomoni huku amefumba macho, akatema. Bibi mmoja alimwuliza jirani yake kama hii ni dawa ya kizungu.

"Maji haya ni ya leo," Aminieli alisema. "Ni ya bomba la mjini, dawa yake bado ipo. Yaliyokuwemo jana yamekwenda wapi?"

Salehe alikuna kidevu. Dereva aliyelileta, akiwa mtu mwema na si wa Mansukhlal kwa ukoo, alikiri kwamba kutoka mjini alisimama mara mbili kuongeza.

Kwenye kobe mambo yaligeuka. Aminieli alifungua boneti la mbele akakuta tairi la akiba na mwavuli. Akauliza injini imeibwa lini. Watu walicheka, akaonyeshwa nyuma. Nyuma akatafuta rejeta, akaambiwa gari hili halinywi maji kabisa, hupozwa kwa upepo, na hapo alisahau kwa muda kilichomleta. Alitaka kujua upepo unaingia wapi, unatoka wapi, na je, likisimama foleni linahema na nini. Salehe alimweleza. Aminieli alisema ni jambo zuri sana, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akapaka tone kwenye ncha ya kidole na kuligusisha ulimi. Alitema mara tatu.

"Salehe, oili hii mbona nzito kama asali ya nyuki wadogo?"

"Ni ya giaboksi," Salehe alisema akitazama viatu vyake. "Injini ikichoka inapiga kelele. Ukiitilia nzito, inanyamaza. Kwa siku mbili tatu."

Melkior alikohoa. Akasema, bila kuulizwa, kwamba yapo magari ambayo hayawezi kupimwa kwa oili tu, yapimwe pia kwa utumishi.

Maji ya namba tatu yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Aminieli aliyaweka mdomoni akakaa nayo muda mrefu kuliko yote. Alisikia kutu. Chini ya kutu alisikia tope, na chini ya tope, mbali, mabua ya mpunga yaliyooza kwenye mfereji. Akatema kwa heshima.

"Haya yamekaa humu miezi," alisema. "Hayajapungua wala kuongezwa. Ni maji ya tambarare. Yanatoka wapi?" Halafu akakumbuka masharti yake mwenyewe akainua mkono kuzuia asijibiwe.

Watu hawakufurahi. Walikuja kuona kobe likishinda. Mama wa kwaya alisema haiwezekani mtu mwenye ulimi wa serikali apande kabati.

Aminieli hakuwa amemaliza. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, anatazama magari, anatazama barabara.

"Kwa nini yote yanaelekea bondeni?"

Walimshangaa kama aliyeuliza kwa nini migomba ina majani. Mlimani kila gari huegeshwa pua chini. Ndivyo ilivyo tangu betri zilipoadimika. Hata gari la padri. Salehe alimfafanulia kwa upole: unaachia breki, linateremka, unaingiza gia ya pili, linawaka lenyewe. Mlima ndio stata ya Wachagga.

"Na pale Mawenzi, mlangoni mwa hospitali, pana mteremko?"

Salehe alifikiri. "Pale ni tambarare."

"Basi yageuzeni."

Hakuna mnunuzi wa gari aliyewahi kuomba hivyo huku juu. Iliwachukua wanaume nane na kelele nyingi, lakini yaligeuzwa yote, pua juu, na Salehe akaingia moja baada ya jingine na kuwasha kwa ufunguo. Namba moja lilitoa mlio mmoja mfupi, kama mwanamke anayesonya. Kobe liliguna, likaguna tena, kisha likanyamaza kwa heshima ya Sabato. Namba tatu liliwaka mara ile ile, kwa sauti ya cherehani, na Salehe akaliacha lingurume kwenye gia huru ili Aminieli alisikilize. Aliporidhika, Salehe alilizima akatoka, akasukumia jiwe kubwa nyuma ya tairi.

Ilikuwa saa saba. Saa nane, kwa amri ya kuokoa mafuta, magari yote ya nchi yalitakiwa kulala mpaka Jumatatu, kwa hiyo uamuzi ulipaswa kutoka. Melkior aliona ushindi ukimponyoka mikononi mwake, akaamua kuwahutubia wananchi. Na kwa kuwa alikuwa mfupi, na hotuba haisikiki vizuri ikitokea chini, alitafuta kitu cha kupandia. Aliona jiwe, akalivuta, akalisogeza mbele ya umati, akapanda.

Alikuwa amefika kwenye neno "kujitegemea" gari namba tatu lilipoanza kuondoka.

Halikuwa na haraka. Lilirudi kinyumenyume kwa adabu, bila mtu ndani, likipita nyuma ya mhutubiaji. Umati ulifuata kwa macho, na Melkior, akidhani hotuba inawaingia, akazidisha sauti. Lilikata kona kidogo, likaacha barabara, likaingia kwenye rundo la migomba iliyokatwa kwa ajili ya ng'ombe, likatulia hapo kwa mguno laini, hatua moja kutoka kwenye kiti cha Zita. Kamba ya mkonge ilifunguka. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe mbele yake, polepole, kama kwamba kuna mtu ndani aliyemkaribisha.

Gurdev alitoka dukani mbio, kilemba kimelegea, kikombe bado mkononi. Salehe alimfikia katikati ya njia akimfokea: hendibreki iko wapi?

"Hakuna," Gurdev alisema. "Ilikatika miaka sita sasa. Chekereni yote sawasawa kama meza, bwana. Breki ya mkono nishike ya nini, gari itakwenda wapi?"

Umati ulipata ulichokuwa unakitafuta. Walisema gari lisiloweza kukaa peke yake si la kutegemewa. Walisema lingekuwa na mama ndani je. Thadeus, ambaye aliwahi kuendesha trekta la shamba la mkonge na ndiye angekuwa dereva, aliuma midomo. Melkior aliteremka kwenye jiwe, akaliangalia, akaelewa, akalisukuma pembeni kwa kisigino, kisha akatamka kwamba tukio hili limedhihirisha wazi ubora wa kobe. Salehe alisema waya wa breki si kitu, ataufunga kabla ya Jumatano. Stata na pistoni ndizo ambazo hazipatikani hata kwa maombi. Wakaanza kubishana watu ishirini kwa mpigo, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kichagga, Gurdev akiongezea Kipunjabi pale ambapo lugha hizo mbili hazikutosha.

Aminieli hakuwemo kwenye ubishi. Yeye alikuwa anatazama kwenye migomba.

Zita aliukagua ule mlango ulio wazi kwa muda, kama anavyoukagua mkungu kabla ya kuuliza bei. Akachukua fimbo yake. Aliegemea, akasimama, akageuka, akakaa. Ndani ya gari hilo Gurdev alikwishang'oa kiti cha abiria zamani na mahali pake akatia benchi la mninga, refu, lenye mto wa gunia uliojazwa pumba za mpunga, na mbele ya benchi hakukuwa na chochote, maana kilichokuwepo alikiondoa ili kupakia vyuma virefu. Zita aliingiza mguu mzima. Akaingiza na ule mbovu, umenyooka vile vile, haukugusa kitu. Akaegemea nyuma, akaweka fimbo mapajani, akatazama mbele kama abiria aliyekwishalipa na sasa anamngoja dereva.

Kwa miezi mitano Aminieli alikuwa akitazama uso wa mkewe kila anapokaa, kwenye kigoda, kitandani, kanisani. Kila mara kuna mahali ulikuwa unajikunja, hapa kando ya jicho. Safari hii alingoja uso ujikunje. Haukujikunja.

Akasogea mpaka mlangoni. Akauliza benchi likoje.

"Linanuka mpunga," Zita alisema. "Hao wanagombania nini?"

"Gari."

"Lipi?"

Aminieli alirudi barabarani, akampita Melkior, akampita Salehe, akamshika Gurdev mkono, na kwa dakika chache tu, mbele ya Salehe aliyekuwa shahidi, wakawa wamemalizana. Mansukhlal, aliyekuwa amechungulia dirishani muda wote, alirudi kwenye chai yake. Saa nane ilikuwa karibu.

Mtu asiyeijua kazi ya Melkior angedhani amenuna. Lakini katibu wa tawi huona upepo ukigeuka kabla majani hayajatikisika. Alilirudisha jiwe lake, akapanda, akawatangazia wananchi kwamba siku hii itakumbukwa. Aliwaambia kwamba mataifa makubwa yana mitambo ya kupimia magari, yenye taa na mishale, na bado yanadanganywa. Ilhali hapa Mbokomu, bila mkopo, bila mtaalamu wa kigeni, ulimi mmoja wa mwananchi mmoja umepita kwenye maji, umepita kwenye oili, umeupita hata uzuri wa rangi, ambao yeye binafsi aliutilia shaka tangu mwanzo. Alisema ulimi huo ni mali ya taifa. Alisema wanafunzi waandike. Kisha akanyoosha mkono, umati ukafunguka, na Aminieli akabaki peke yake katikati, kijiko mfukoni.

"Meku, mzee wetu Aminieli," Melkior alisema kwa sauti ya kumaliza misa, "waambie wananchi kwa kinywa chako. Ulimi umeonja nini ndani ya gari namba tatu, ambacho sisi wengine hatukukionja?"

Aminieli aligeuka akatazama kwenye migomba, kisha akamtazama Melkior.

"Mama Eliufoo ameingia," alisema.